Anayelalamika Siye Mgonjwa: Kutafuta Hitilafu ya Mawasiliano kwenye Kijiko

Barabara itokayo Bigwa, Morogoro, kwenda Matombo, Mvuha na Kisaki inapita upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, upande unaopokea upepo wenye mvua kutoka Bahari ya Hindi. Masika yakikolea na udongo ukashuka barabarani, mtambo wa kwanza kuitwa ni kijiko. Ndipo siku hiyo hiyo kioo ndani ya kabini kinaandika kwamba kontrol boksi moja haiipati nyingine. Injini inabaki kwenye mzunguko wa chini, bumu linanyanyuka kwa uvivu, au mtambo unagoma kabisa kuwaka. Opereta anakupigia simu wewe fundi: "Mtambo umegoma, mkuu, njoo na mashine yako ya kupimia." Mwongozo huu ni wa safari hiyo.

Kuna sababu ya kuharakisha. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya saa chache tu ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza na kuandika kuyahusu. Watu wa milimani wanajua maana ya njia kufungwa: mboga za Mgeta hazisubiri, na mgonjwa hasubiri. Kijiko kikilala siku nne kwa sababu ya waya mmoja uliooza ndani ya soketi, hasara haimwangukii mwenye mtambo peke yake.

Nina msimamo mmoja katika kazi hii, nao ndio uti wa mgongo wa mwongozo huu. Usitamke kwamba kontrol boksi imekufa kabla mita haijakupa namba tatu: volti ya betri wakati stata inazungusha injini, omu kati ya nyaya mbili za mtandao, na volti ya kila waya wa mtandao ufunguo ukiwa umewashwa. Hitilafu nyingi za mawasiliano ziko kwenye nyaya, soketi, bodi (njia ya hasi kupitia chuma cha mtambo) na betri. Kontrol boksi yenyewe imefungwa vizuri kiwandani na hufa mara chache. Kuiagiza ni gharama kubwa, mara nyingi lazima ijazwe programu ya mtambo husika, na ukiifunga kwenye wayaringi ile ile mbovu itaandika kosa lile lile.

Nyaya mbili zinabeba nini

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kubuni mtandao unaoitwa CAN mwaka 1983 na kuutangaza rasmi mjini Detroit, Marekani, mwaka 1986. Nia ilikuwa kupunguza mafungu ya nyaya kwenye magari: badala ya kila kifaa kuvutiwa nyaya zake hadi kwa kila kifaa kingine, vyote vizungumze kwenye nyaya mbili. Mitambo mizito ikaufuata, na mingi hutumia kanuni za J1939 zinazopeleka taarifa kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde.

Kwenye kijiko cha kisasa utakuta kontrol boksi ya injini, kontrol boksi ya pampu na mfumo wa haidroliki, kioo cha opereta, na mara nyingi kisanduku kinachotuma taarifa za mtambo kwa mwenyewe; Komatsu wanakiita KOMTRAX, Caterpillar wanakiita Product Link. Injini mpya zaidi zina hata sensa za moshi zinazozungumza kwenye mtandao huo. Vyote vimeungwa kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, CAN-H na CAN-L. Pakiwa kimya, kila waya una volti 2.5. Ujumbe ukipita, H inapanda kuelekea 3.5 na L inashuka kuelekea 1.5, na kinachosomwa ni tofauti kati yao. Hiyo ndiyo faida ya kuzisokota: kelele ya umeme kutoka kwenye altaneta au stata inazigusa zote mbili kwa kiasi kimoja, kwa hiyo tofauti haibadiliki.

Kila mwisho wa nyaya hizo kuna rezista ya omu 120. Bila rezista hizo ujumbe ukifika mwisho unarudi nyuma, kama sauti inavyorudi kutoka ukuta wa bonde la Kinole, na kuuvuruga ujumbe unaofuata. Rezista mbili za 120 zikiwa sambamba zinatoa omu 60. Ishike namba hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayokuokolea muda kuliko nyingine zote.

Sikiliza malalamiko yote kabla ya kugusa kitu

Kosa la mawasiliano linaandikwa na yule ambaye hakusikia. Kontrol boksi ya pampu ikiandika kwamba haipati ujumbe wa injini, hiyo ya pampu ni nzima kiasi cha kulalamika; mashaka yako yaende kwa injini na kwenye njia iliyo kati yao. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa sababu wanafungua kile kifaa ambacho jina lake limetokea kwenye kioo.

Kwa hiyo soma makosa ya kila kontrol boksi, piga picha kwa simu, wala usiyafute bado. Kisha jiulize: nani analalamikiwa na kila mtu? Kama pampu na kioo vyote vinasema havisikii injini, huku vyenyewe vikisikilizana, mtandao mkuu ni mzima na tatizo liko kwenye tawi la injini: umeme wake, bodi yake, au nyaya fupi zinazoingia kwake. Kama kila mmoja anamlalamikia kila mmoja, tatizo liko kwenye shina la mtandao. Na kama skana yako haimpati mtu yeyote kabisa, pima kwanza kama soketi ya skana yenyewe ina umeme.

Namba za J1939 nazo zinasema mengi: SPN hutaja kinachohusika, FMI hutaja aina ya hitilafu. SPN 639 inahusu mtandao wenyewe. FMI 9 maana yake ujumbe haufiki kwa wakati unaotakiwa. FMI 19, ujumbe umefika lakini umeharibika. FMI 3, 4 na 5 ni habari nyingine: volti iliyo juu mno, volti iliyo chini mno au waya ulioshikana na bodi, na saketi iliyokatika. Ukiona sensa nne zisizohusiana zimeandika FMI 3 au 4 kwa wakati mmoja, usiende kwenye CAN. Sensa nyingi hugawana umeme wa volti 5 unaotoka kwenye kontrol boksi, na sensa moja iliyopiga shoti huuzima umeme huo kwa wenzake wote. Chomoa sensa moja moja huku ukitazama volti 5 hiyo; itakaporudi, umeipata sensa mbovu.

Mhoji opereta

Opereta amekaa na mtambo kutwa nzima, na mara nyingi jibu analo bila kujua kwamba ni jibu. Muulize kwa heshima, wala si kwa sauti ya kutafuta wa kumlaumu, maana akihisi analaumiwa atafunga mdomo. "Mzee, ilianza asubuhi au mchana? Kuna mtu ameushika mtambo wiki hii? Mlichomelea ndoo? Mliuosha? Mliazima betri?"

Saa ya siku ni ushahidi. Hitilafu inayotokea alfajiri kwenye ukungu wa milimani na kupotea ifikapo saa nne jua likishapanda, hiyo ni maji ndani ya soketi. Inayokuja alasiri injini ikiwa imechemka, na kupona mtambo ukipoa, ni kiungo kilicholegea au waya uliopasuka karibu na joto. Inayotokea bumu likipanda tu, au mtambo ukitembea kwenye mawe, ni waya unaosuguliwa au pini isiyoshika. Inayotokea wakati wa kuwasha peke yake ni betri au bodi, na hiyo utaimaliza bila hata kufungua skana.

Jibu kuhusu kuchomelea lisikilize kwa makini zaidi. Meno ya ndoo huvunjika kwenye mawe ya Uluguru, na mchomeleaji huja na mashine yake, akabana kebo ya bodi popote palipo wazi, tuseme kwenye cheni, kisha akachomelea ndoo iliyo upande wa pili. Umeme wa kuchomelea hutafuta njia ya kurudi, na ukipita kwenye bodi ya kontrol boksi huichoma. Kama ndivyo ilivyokuwa, una sababu ya kweli ya kuishuku kontrol boksi, lakini bado pima kwanza. Na mfundishe opereta kwa ajili ya kesho: kabla ya kuchomelea, zima swichi kuu na uondoe kebo za betri, chomoa soketi za kontrol boksi, na kebo ya bodi ya mchomeleaji ibanwe kwenye chuma kile kile kinachochomelewa, karibu kabisa na moto.

Kabla ya mita, usalama

Teremsha ndoo hadi iguse ardhi, funga wenzo wa usalama ulio kushoto kwa kiti, zima injini. Kwenye mteremko, angalia udongo ulio juu yako kabla hujaingia chini ya mtambo. Kijiko kinachokatikiwa mawasiliano na kuyapata tena kinaweza kubadili mzunguko wa injini ghafla, kwa hiyo asiwepo mtu kati ya bumu na kabini wakati unatikisa nyaya. Usikubali kuharakishwa katika hili, hata kama foleni ya magari inapiga honi.

Betri na bodi

Vijiko vingi hutumia volti 24 kutoka kwenye betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Zipime moja moja. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban 12.6. Ukipima zote mbili kwa pamoja, moja dhaifu inaweza kujificha nyuma ya mwenzake. Kisha mwambie opereta awashe huku umeshika mita: jumla ikishuka chini ya volti 19 hivi, kontrol boksi zinaanza kuzima na kuwaka zenyewe, na kila moja inapozima wenzake wanaandika kwamba haisikiki. Injini ikishawaka, altaneta itoe kati ya 27.5 na 28.5. Makosa ya mawasiliano yanayoletwa na betri mbovu ni mengi kuliko mafundi wanavyokubali.

Bodi ipimwe ikiwa na kazi ya kufanya. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye pini ya hasi ya kontrol boksi, taa na feni zikiwa zimewashwa. Namba isizidi sehemu chache za kumi za volti. Ikifika nusu volti, kuna bolti ya bodi iliyoshika kutu au rangi. Ondoa bolti, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi juu.

Umeme wa chanya nao una hila yake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 24 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Chukua balbu ya volti 24 yenye wati 21, iunganishe kwenye pini za chanya na hasi za soketi ya kontrol boksi uliyoichomoa. Ikiwaka kwa nguvu, umeme upo kweli. Ikififia, fuata waya huo hadi kwenye fyuzi. Lakini balbu hiyo isiguse kamwe nyaya za CAN wala nyaya za sensa za volti 5. Utaua kilichokuwa kizima.

Omu 60

Zima swichi kuu ya betri na usubiri dakika chache ili kontrol boksi zilale. Tafuta soketi ya skana ndani ya kabini. Kwenye soketi ya mviringo yenye pini 9 iliyofuata J1939, CAN-H iko kwenye C na CAN-L kwenye D. Mitambo ya Caterpillar yenye soketi ya umbo hilo hilo huweka CAN kwenye G na F, tena A na B za umeme zimepishana: kwenye J1939 A ni hasi na B ni chanya, kwa Caterpillar A ni chanya na B ni hasi. Caterpillar pia wana mtandao wao wa zamani kwenye D na E, ambao hauna rezista za 120, hivyo kipimo cha omu 60 hakiuhusu. Kwa sababu hizi usiende kazini bila ramani ya nyaya ya mtambo husika. Ipakue kwenye simu ukiwa bado mjini, maana ukishapita Mkuyuni kwenye barabara ya Matombo usitegemee mtandao wa simu kukuletea faili kubwa.

Pima kati ya H na L. Ukipata kati ya 55 na 65, shina ni zima na rezista zote mbili zipo. Ukipata karibu 120, rezista moja imepotea, au waya umekatika mahali kati ya soketi yako na mwisho mmoja. Kumbuka kwamba kwenye mitambo mingine rezista imo ndani ya kontrol boksi, kwa hiyo ukiwa umeichomoa, 120 ni jibu la kawaida. Ukipata karibu 40, mtu ameongeza rezista ya tatu. Ukipata sifuri au namba ndogo sana, H na L zimeshikana. Ukipata maelfu ya omu au hakuna kitu, njia yako imekatika pande zote mbili, au unapima pini zisizo zenyewe. Baada ya hapo pima H kwa bodi, kisha L kwa bodi. Usomaji ukiwa karibu na sifuri, waya umechubuka na kugusa chuma.

Mtambo mmoja unaweza kuwa na CAN mbili au tatu. Kila moja ipimwe peke yake.

Sasa gawa njia katikati. Tafuta soketi kubwa ambayo nyaya zinatoka kabini kwenda chumba cha injini, mara nyingi nyuma ya kiti au chini ya sakafu. Itenganishe. Upande mzima utaonyesha 120, kwa sababu umebaki na rezista moja. Upande mbovu utaonyesha kitu kingine. Ugawe tena upande mbovu. Kwa njia hii hutafungua mita kumi za wayaringi kutafuta tobo la milimita moja. Na usihangaike chini ya mtambo: kwenye vijiko vingi vya cheni, kontrol boksi zote ziko juu, sehemu inayozunguka, na kiungo cha katikati kinapitisha mafuta. Kijiko cha matairi ni tofauti, kwa kuwa chenyewe hupeleka umeme chini pia.

Volti za H na L

Rudisha soketi, washa ufunguo bila kuwasha injini, pima kila waya kwa bodi. Mita ya kawaida inaonyesha wastani, kwa hiyo tegemea H ya 2.6 hadi 2.8 na L ya 2.2 hadi 2.4, zote zikitetemeka kidogo. Ukizijumlisha zikaribie 5. H na L zikiwa 2.5 zote mbili bila kutetemeka, hakuna anayezungumza: rudi kwenye umeme wa kontrol boksi. Waya mmoja ukiwa sifuri umegusa bodi. Ukiwa na volti kumi na kitu au 24, umegusa waya wa umeme, na hapo zima haraka.

Ikiwa omu ni nzuri lakini volti ni mbovu, chomoa kontrol boksi moja, tazama mita, irudishe, nenda kwa inayofuata. Ile ambayo ikichomolewa volti zinarudi sawa ndiyo inayouvuta mtandao chini. Hapo sasa, na umeme wake na bodi yake vikiwa vimeshapimwa, una haki ya kusema kontrol boksi imekufa.

Mahali pa kuangalia kwanza kwa mitambo ya huku

Anza pale mkono wa mtu ulipopita. Wenye mitambo wengi hufunga vifaa vya kufuatilia mtambo na mafuta, na mfungaji anayetaka kusoma taarifa za injini hujiunga kwenye nyaya za CAN. Akichubua ganda, akasokota nyaya kwa vidole na kuzungusha tepu nyeusi, mvua ya kwanza inaingia humo. Kiondoe kifaa hicho kabisa wakati wa kupima, kisha uone kama makosa yanarudi. Nimeona mahali pengi mtambo ukizungushwa kwa mafundi huku kosa likiwa ni tepu hiyo.

Pili ni maji. Kuosha mtambo kwa bomba la presha ukielekeza maji kwenye soketi ni kuyasukuma ndani kupita mpira wa kuzuia. Fungua soketi, tazama pini: kijani ni kutu ya shaba, nyeusi ni joto. Safisha kwa dawa ya kusafishia soketi, kagua mpira, na uangalie kama pini imerudi nyuma. Shimo lisilo na waya lazima liwe na kizibo chake.

Tatu ni msuguano: waya unaolala juu ya ukingo wa chuma, au uliofungwa pamoja na hozi ya haidroliki inayotikisika. Nne ni panya, hasa kwa mtambo uliolazwa wiki kadhaa karibu na mahindi au miwa. Morogoro inawajua panya kwa kina. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimewatafiti kwa muda mrefu, na hapo hapo shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. La kumfaa fundi ni hili: panya hupita njia ile ile kila siku na kuacha alama za mafuta ya mwili na vinyesi. Ukiona alama hizo kwenye fremu, fuata njia yake hadi mwisho, kwa sababu hakula mahali pamoja.

Ukishamaliza kutazama, tikisa. Mita ikiwa kwenye omu, swichi kuu imezimwa, vuta na kukunja kila fungu la nyaya taratibu, kuanzia kabini kwenda injini, huku msaidizi akisoma namba kwa sauti. Namba ikiruka, simama hapo hapo.

Kutengeneza

Waya wa CAN uliokatika hauungwi kiholela. Kata sehemu iliyooza hadi ukute shaba inayong'aa, weka kipande kipya cha unene ule ule, na nyaya zote mbili ziwe na urefu sawa. Viungo visikae sambamba; kimoja kitangulie kingine kwa sentimita chache. Lehemu kwa risasi au tumia kibanio kizuri, funika kwa mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani, kisha rudisha msokoto, mzunguko mmoja kila sentimita 2.5 hadi 3, hadi karibu kabisa na soketi. Tawi la kwenda kwenye kifaa liwe fupi. Kanuni ya awali ya J1939 inaruhusu mita 1 tu. Kuvuta waya mpya mrefu juu juu na kuacha ule wa zamani ukining'inia ni kuzalisha hitilafu ya mwezi ujao.

Rezista ya omu 120 unaipata kwa mafundi redio: mistari yake ni kahawia, nyekundu, kahawia. Beba chache. Ukishuku kwamba rezista ya mwisho imekufa, iweke hiyo kati ya H na L mahali pake na uone kama mtandao unatulia. Ni ya majaribio na ya kumalizia siku. Ya kudumu iagizwe Dar es Salaam ikiwa kwenye kifuniko chake kisichoingiza maji.

Na kama giza linaingia na mtambo uko katikati ya barabara? Vijiko vingi, vya Komatsu vikiwemo, vina swichi ya dharura ya kuendesha pampu bila kontrol boksi yake. Itumie kuusogeza mtambo mahali salama, kwa mwendo wa pole na mzigo mdogo. Usimruhusu msimamizi aigeuze kuwa njia ya kumalizia kazi ya wiki nzima, maana hakuna tena anayeilinda injini isizidiwe na pampu.

Ukimaliza, futa makosa, mwache opereta afanye kazi ya kweli kwa nusu saa, bumu, mzunguko na mwendo, kisha soma tena. Halafu chukua karatasi, andika tarehe, volti za betri, omu za mtandao, na volti za H na L mtambo ukiwa mzima. Ibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha fyuzi. Fundi atakayekuja baada yako, awe ametoka Kihonda au Dar es Salaam, ataanzia kwenye namba za mtambo ule ule ulipokuwa mzima.

Neno la mwisho ni kwako mwenye mtambo. Ukiona fundi amepima kwa saa tatu na mwisho akabadilisha pini moja ya soketi, mlipe saa zake tatu bila kunung'unika. Amekuokolea bei ya kontrol boksi.